Nilivyopinga kesi yangu mwenyewe Mahakama ya Watoto: kumpeleka mtoto wa kambo kituo cha matibabu

Wakuu, salaam kutoka milimani Upare.

Walionizidi umri shikamooni, ingawa sidhani kama mko wengi humu. Wadogo, marahaba, najua mngeniamkia.

Haya ninayoandika yamenipata mimi, sikusimuliwa na mtu. Mke wangu kayasoma kwanza na kayakubali yote isipokuwa sehemu moja. Tukifika hapo nitawaambia.

Kuna kijana humu aliuliza juzi: mtu akishakabidhiwa mtoto na ustawi wa jamii, anaweza kumpeleka tu kwenye kituo cha kutibu akili akalazwa huko? Mkamjibu kila mtu la kwake. Mmoja akasema mpeleke, mtoto si umeshapewa. Nikasema hapana, hili nalijua, limenipitia mgongoni.

Mnivumilie uandishi. Shule niliishia la nne. La tano nililiona kwa dirishani nikiwa nachunga.

Nakaa Vudee, wilaya ya Same. Nina migomba, maharage, tangawizi kidogo, na mbuzi wenye kiburi. Watoto wetu wote wameshuka mjini, nyumba ikabaki na mimi na Mama Eli tunagombania redio.

Sasa siku moja kanisani likatoka tangazo. Ustawi wa jamii wanatafuta familia za kuaminika za kulea watoto wasio na mtu. Mama Eli akanyoosha mkono pale pale kwenye benchi. Mimi nilikuwa upande wa wanaume, nikadhani anauliza jambo la kwaya.

Nifafanue kidogo, maana najua mtachanganya. Kambo hii siyo ile ya mama kuolewa na mwanaume mwingine. Hii ni serikali inakukabidhi mtoto umlee, lakini hajawa wako moja kwa moja. Wanakuja kukagua nyumba, wanakagua choo, wanauliza majirani kama unapiga watu. Jirani yangu Elieza alipoulizwa akasema mzee huyu hapigi mtu ila anasema sana. Wakaona hilo siyo kosa.

Ndiyo tukaletewa Tausi. Siyo jina lake. Nimeelezwa sheria haitaki jina la mtoto wa namna hii litembee mitaani, kwa hiyo msiniulize.

Tausi alikuwa na miaka kumi hivi. Mama yake alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge kule bondeni. Mnajua huko watu wanatoka kila mkoa. Nyumba waliyokuwa wanakaa ikaungua. Mtoto akatolewa dirishani, mama hakutoka. Baba hajulikani. Ustawi walitafuta ndugu mpaka mkoa aliotoka marehemu, wakarudi mikono mitupu.

Wakuu, mtoto yule alikuwa raha. Usidhani ninakuletea habari ya kulia. Alipofika tu akawapa mbuzi vyeo. Yule dume mkubwa akamwita Mwenyekiti. Jike linaloruka uzio akaliita Diwani, kwa sababu kila siku haliko nyumbani. Mama Eli alicheka mpaka akakaa chini.

Akajifunza Chasu, lugha yetu Wapare, kuliko wajukuu zangu wa damu wanaokuja Krismasi na kusema tu asante asante.

Lakini kulikuwa na kitu.

Akiona moto umeshika vizuri jikoni, anakakamaa. Siku nyingine inapita. Siku nyingine mwili unawaka, anasema ngozi inaungua, anatoka mbio. Na anakokimbilia ni kwenye ndiva.

Kwa wasiojua, ndiva ni bwawa letu la kuhifadhia maji ya mfereji. Maji yanakusanywa usiku, asubuhi yanafunguliwa kwa zamu yaende mashambani. Zamu ya maji huku kwetu ni jambo zito. Watu wanaweza kusameheana mambo ya ndoa lakini siyo zamu ya maji.

Tausi anaingia kwenye ndiva, anakaa, maji yanamfika kidevuni. Hajui kuogelea. Anakaa tu mpaka mwili upoe.

Mara ya kwanza tulimtoa tukasema ni utoto. Mara iliyofuata alikuwa ameng'oa na kizibo ili maji yatembee juu yake, na asubuhi ile ilikuwa zamu ya Elieza. Elieza akaja na jembe lake akakuta bwawa limeshuka nusu na katikati kuna kichwa cha mtoto.

Nilijua leo nitatukanwa. Kumbe Elieza alimnyooshea mpini akamvuta pole pole, akamvika koti lake, akamleta nyumbani. Akaniambia maji yatajaa tena, ila huyu siku moja atateleza. Akaondoka hata chai hakunywa. Elieza kukataa chai, mjue mambo yamekuwa mazito.

Kuanzia hapo kila mtu akawa daktari. Mzee wa kanisa akataka tufunge na kuomba, tukafunga. Shangazi mmoja akasema ni mizimu ya ukoo. Nikamuuliza ukoo upi, maana hata sisi hatuujui. Akasema basi ni ya mkonge.

Ndipo shemeji yangu wa Hedaru akapiga simu. Ana duka barabarani pale malori yanaposimama, kwa hiyo kila habari inayopita barabara kuu lazima iteremke kwake. Akasema shemeji, kuna nyumba huku wanakaa na watoto wenye matatizo ya kichwa, wanawatibu, mlete.

Nikashuka peke yangu kwenda kuangalia. Ni nyumba nyuma ya maduka, imezungushiwa mabati marefu. Mwenye nyumba akanikaribisha vizuri, akaniambia mlete tu mzee, hapa hatuna maswali mengi.

Wakuu, mimi hilo lilinifurahisha. Nimeulizwa maswali maisha yangu yote.

Niliporudi Mama Eli akaniuliza nimeona nini. Nikamweleza: vyumba vitatu, mikeka, watoto wametulia sana.

"Komeo la mlango liko ndani au nje?" akaniuliza.

Nikafikiri. Nikasema liko nje.

"Komeo la nje ni la mbuzi, Baba Eli," akasema, akaendelea kuchambua maharage.

Kesho yake tukashuka wote Same mjini, ofisi ya ustawi wa jamii. Mimi nilikwenda nimenuna.

Afisa wetu ni binti mdogo tu, nitamwita Dada Afisa. Ana sauti ya chini mpaka unalazimika kuinama kumsikiliza, na ukishainama umeshashindwa ubishi. Nikamweleza mpango wangu wa Hedaru. Akasema babu, ile nyumba haina leseni ya kukaa na watoto, ahsante kwa kunijulisha, tutaifuatilia. Lakini hata ingekuwa na leseni, wewe huna mamlaka ya kumpeleka.

Nikamwambia mimi ndiye ninayemlisha.

"Babu, umekabidhiwa kumlea," akasema. "Kumtoa kwako akalazwe kwenye kituo ni neno la mahakama."

Akanieleza taratibu, na nawapa kama nilivyoelewa mimi. Mawakili mliomo humu mtanyoosha nilipopinda.

Kwanza mtoto hapelekwi kwa sababu anasumbua. Anapelekwa kwa sababu anaumwa, na anayesema anaumwa ni daktari, siyo babu wala shangazi wala Elieza. Halafu hata daktari akisema, wataangalia kama anaweza kutibiwa akiwa nyumbani. Kituo ni mpaka haya mengine yamejaribiwa yakagoma. Hilo lilinishangaza. Nilidhani serikali ingefurahi kumchukua haraka.

Basi tukaanza. Tukawa tunashuka naye hospitali kwa mtaalamu wa mambo ya akili. Tausi alimpenda. Anachora, anaongea, anarudi na pipi. Na mimi na Mama Eli tukafundishwa. Mimi nilifundishwa kitu kimoja kikubwa, kwamba mtoto akianza kukakamaa usimpigie maneno mengi. Kaa naye, mshike mkono, nyamaza.

Kunyamaza mimi, wakuu. Ningeambiwa nipande mlima na gunia ingekuwa nafuu.

Tukahamisha jiko nje nyuma ya nyumba. Msaragambo wa kijiji, yaani kazi ya pamoja, ukafanyika, watu wakaja kwa mafungu kama tunavyofanya kwenye mfereji, wakazungushia ndiva uzio wa miti. Hakuna aliyelazimishwa. Elieza ndiye alikuwa akihesabu waliotega.

Akapata nafuu. Lakini kiangazi kilipofika watu wakaanza kuchoma majani mashambani. Milima yote ikawa na moshi. Moshi unazingira nyumba, utamhamishia wapi mtoto? Tausi akarudi nyuma, hali chakula, uzio akauruka. Diwani kamfundisha.

Daktari akasema sasa ni wakati. Kuna kituo chenye leseni mkoa wa jirani, wana wataalamu wa watoto walioona mambo makubwa, mtoto analala huko, anasoma huko, anatibiwa. Kuna nafasi moja, watamshikia mpaka Ijumaa. Ijumaa ikipita anapewa mtoto mwingine, na nafasi nyingine haijulikani itatokea lini.

Dada Afisa akasema ameshaandika ripoti, Jumatano tunaingia mahakamani.

Wakuu, hapa ndipo niliponoga.

Najua mnavyotusema Wapare. Kwamba Mpare atauza ng'ombe kushinda kesi ya kuku. Msiseme nimekubali, ila kwetu kesi ya mpaka wa mgomba inarithiwa kama shamba. Babu yangu aliacha mbili. Mimi nimekuwa shahidi kwenye kesi nisizokumbuka zilihusu nini. Kwa hiyo neno mahakama likitajwa Vudee watu hawaulizi kuna nini. Wanauliza lini.

Jumanne jioni nyumba yangu ilijaa. Mzee wa kanisa anataka kutoa ushahidi wa tabia yangu. Shangazi anataka kueleza mizimu. Elieza yeye alikuwa na koti limepigwa pasi. Akaniuliza swali moja la maana, akasema, tunashindana na nani?

Nikasema tutajua hukohuko.

Asubuhi tukajaza gari zima la kushukia Same. Mama Eli alipika makande ya safari kwenye ndoo. Hapa ndipo tunapotofautiana. Mimi nasema makande hayakutosha. Yeye anasema yalitosha ila kuna mtu alikula mara mbili kabla hatujafika lami. Nimeandika yote mawili, amueni.

Kufika mahakamani, karani akatuangalia tulivyoshuka akauliza ni msiba au harusi. Akatuambia kesi ya mtoto haisikilizwi hadharani. Wanaingia mtoto, walezi, afisa ustawi na daktari kama yupo. Mashahidi wangu wote wakabaki uani na ndoo. Shangazi alisikitika kama kanyimwa urithi.

Ndani hakuna kizimba. Nilikitafuta kwa macho sikukiona. Ni chumba tu, meza moja, viti vimezunguka kama kikao cha harusi. Hakimu ni mama wa makamo, hakuvaa joho, amevaa kitenge. Tausi akapewa kiti cha pembeni ya Mama Eli na maji ya chupa. Kila mtu anaongea taratibu. Nikaona hii kesi haina chumvi.

Dada Afisa akasoma ripoti yake. Alisoma vizuri. Ugonjwa, matibabu ya nyumbani, uzio, daktari, kituo, leseni yake, yote. Mimi natikisa kichwa, naam, naam. Mpaka akafika mahali akasoma kwamba mlezi wa kambo ameshindwa kummudu mtoto katika mazingira ya nyumbani.

Ameshindwa.

Wakuu, nimehamisha jiko. Nimenyamaza. Halafu naandikwa kwenye karatasi ya mahakama kwamba nimeshindwa, tena mbele ya mke wangu.

Hakimu akanigeukia kwa heshima kabisa, akauliza kama mimi mlezi nina lolote juu ya maombi haya.

Nikasimama. Hapakuwa na haja ya kusimama.

"Napinga," nikasema.

Kalamu ya Dada Afisa ikaanguka chini.

Hakimu akauliza, unapinga maombi? Nikasema napinga. Akauliza, yote? Na mimi ulimi ulishashika njia ya mteremko, nikasema yote.

Akaandika. Akasema ni haki yangu, mlezi lazima asikilizwe, na kwa kuwa kuna pingamizi inabidi apange siku nyingine nije na sababu zangu kamili. Akafungua daftari la ratiba. Siku iliyokuwa wazi ilikuwa ya wiki inayofuata.

Nafasi ya kituo ni Ijumaa. Leo Jumatano.

Mimi hilo halikunijia kichwani. Nilitoka pale kifua mbele. Uani wakanipokea, wakauliza imekuwaje, nikasema nimepinga. Wakanipa mikono. Mzee wa kanisa akasema safi, mtu asikuonee. Elieza akasema, kumbe tulikuwa tunashindana na yule binti.

Mama Eli alikwenda akakaa kwenye benchi la karani na mkoba wake magotini, kama mtu anayesubiri gari asilolijua.

Tausi akanifuata, akanishika mkono.

"Babu, kwa hiyo siendi kutibiwa?"

Nikamwambia utakwenda, tunangoja kidogo tu kesi.

"Kesi na nani?"

Nikaangalia lile kundi langu linagawana vijiko. Nikaangalia Dada Afisa, alikuwa pembeni na simu, anaongea na kituo kwa ile sauti yake ya chini, nafikiri anawabembeleza wasubiri. Hata yeye hakunikasirikia. Ningependa anikasirikie.

"Na hakuna mtu," nikamwambia. "Babu kakosea."

Akasema, "Basi kawaambie."

Nikaenda kwa karani. Nikamwambia nataka kuondoa pingamizi. Akasema mzee, saa haijapita tangu uliweke. Nikasema hata ng'ombe akivunja uzio saa hiyo hiyo unamtoa. Akacheka, akaingia ndani kwa hakimu, akatoka akasema hakimu ana kesi nyingine mpaka mchana, tukae, akimaliza atatuita.

Tukakaa. Mama Eli akanisogezea nafasi kwenye benchi. Akaniuliza hivi wewe ulipinga nini hasa. Nikamwambia wameandika nimeshindwa. Akasema, na mimi wameniandika humo humo, mbona sikusimama?

Nikasema kweli.

Halafu akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Mimi ninachoogopa ni akishatibiwa wampeleke kwa watu wengine."

Wakuu, hiyo ndiyo ilikuwa mwiba. Mimi nilikuwa nabishana na neno moja la karatasi na hiyo hofu nilikuwa nayo ndani sikuijua jina. Tukimtoa mtoto nyumbani kwetu kwa amri ya mahakama, nani kasema atarudi kwetu? Sisi si wazazi wake. Hatuna damu, hatuna ukoo, tuna mbuzi wenye vyeo tu.

Mchana tukaitwa. Nikasema mheshimiwa, naondoa pingamizi. Mtoto anaumwa na aende. Ila naomba niseme mawili kabla hujaandika.

Akasema sema mzee, ndiyo maana uko hapa.

Nikasema la kwanza, hatukushindwa, nyumba yetu haina dawa anayohitaji. La pili, sijasikia mahali popote pameandikwa kwamba akipona atarudi wapi.

Hakimu akamwangalia Dada Afisa. Dada Afisa akasema ni kweli, mheshimiwa, hilo la kurudi ripoti haikuligusa, tulikuwa tunakimbizana na nafasi. Akasema na lile neno analibadilisha, hakulikusudia kwa ubaya. Akaliandika upya pale pale.

Kisha hakimu akasema sasa tumsikilize mwenyewe. Mimi nilidhani mwenyewe ni mimi, nikakohoa. Alikuwa anamwambia Tausi.

Hili nilikuwa silijui kabisa. Mtoto mwenye uwezo wa kueleza anaulizwa, na jibu lake linaandikwa kama la mtu mzima. Hakimu akasogeza kiti karibu naye, akamuuliza kama anaelewa kule anakopelekwa na kwa nini. Tausi akasema anaelewa, ni kwa wataalamu wa watoto wanaoungua bila moto.

Ndivyo alivyosema. Daktari aliyekuwepo akainamisha kichwa.

Akaulizwa wewe unataka nini.

"Nataka kwenda," akasema. "Nimechoka kuingia kwenye maji ya watu. Lakini nikipona nirudi kwa Bibi na Babu. Mbuzi watanisahau nikichelewa."

Mama Eli akashika mkoba kwa nguvu mpaka nikadhani utapasuka.

Amri ikaandikwa. Aende kwenye kituo kile chenye leseni na siyo kingine, kwa muda wenye mwisho, siyo mpaka watakapojisikia. Baada ya miezi kadhaa arudishwe mbele ya hakimu na ripoti ya daktari ionekane anaendeleaje. Dada Afisa awe anamtembelea. Sisi turuhusiwe kumwona na kumpigia simu. Na hali yake ikiruhusu, mahali pa kwanza pa kufikiriwa kumrudisha ni kwetu.

Alhamisi Tausi akaondoka na Dada Afisa kwa gari la halmashauri. Niliambiwa nisiseme maneno mengi. Nikakaa naye, nikamshika mkono, nikanyamaza. Sasa nilikuwa mzoefu.

Tulimtembelea. Kituo kina bustani, kina darasa, milango inafungwa na kufunguliwa na watoto wenyewe kutoka ndani, nilijaribu mmoja. Kuna mama mmoja huko anawafundisha kidogo kidogo kukaa karibu na mshumaa, kisha jiko dogo, kisha jiko la kweli, wiki kwa wiki, hakuna haraka. Safari yetu ya pili Tausi alitupikia chai. Aliwasha moto yeye. Kiberiti cha kwanza kilizima, akachukua kingine. Mama Eli akainywa ile chai yote na ilikuwa na sukari ya kutosha kijiji.

Siku ya kurudi mahakamani ikafika. Safari hii nilikwenda na mke wangu tu. Watu walilaumu, Elieza akasema nimeanza kuwa mtu wa pwani, nafanya mambo kimya kimya.

Tausi alikuja na Dada Afisa kutoka kituoni. Alikuwa amerefuka. Wakati tunangoja kwenye korido, hakimu hajatuita, ripoti haijasomwa, hakuna anayejua itaamuliwa nini, akamfuata Mama Eli akampa begi lake la nguo.

"Bibi, nishikie," akasema. "Lina nguo zangu zote. Tutaondoka nalo."

Na tuliondoka nalo.

Ustawi bado wanakuja kutuangalia, na hospitali anakwenda kwa tarehe zake. Siku mbaya zipo, chache. Anasoma. Hesabu ananishinda, lakini hilo siyo jambo kubwa.

Sasa kwa yule kijana aliyeuliza, na wengine mnaolea watoto wa kambo. Usimpeleke mtoto mahali kwa sababu huulizwi maswali. Maswali yale ndiyo uzio wenyewe. Anza ustawi wa jamii, nenda kwa daktari, mahakama itafuata. Na ukifika mbele ya hakimu ukaulizwa kama una neno, sema, ni haki yako, mimi bila kusema mtoto angeondoka bila kuandikwa atarudi wapi. Ila kabla hujafungua mdomo jiulize unamsemea mtoto au unajisemea mwenyewe. Mimi ilibidi nianze na la pili ndiyo nilifikie la kwanza.

Waliolea, waliolelewa, na nyie wa sheria, mwageni yenu hapo chini nami nitayasoma yote, hata ya kunikosoa. Majibu yangu yatachelewa kidogo. Naandika kwa kidole kimoja, na Mama Eli ameshaniambia zamu yetu ya maji ni asubuhi na bado sijatafuta jembe.